Kumngoja Kenge Akojoe

Kazi yangu ilikuwa kukata tiketi langoni, na hapo langoni ndipo nilipotaka kubaki mpaka nistaafu. Bustani yetu ya nyoka na mijusi iko nje kidogo ya Nakuru, upande wa ziwani, na kwa miaka yote niliyofanya kazi pale sikuwahi kumgusa mnyama hata mmoja. Wageni wakiniuliza nyoka yupi ni mkali zaidi, niliwaonyesha njia kwa kidole. Wenzangu wanaowalisha wale wanyama walinicheka. Niliwajibu kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, nikaendelea na tiketi zangu.

Kisha ziwa likapanda. Mvua ilikataa kuisha, maji yakavuka uzio, yakaingia uani na kufika kwenye vizimba. Mwenye bustani akatukusanya, akaanza kutugawia wanyama tukae nao majumbani hadi maji yapungue. Nyoka walichukuliwa na wanaowajua. Kobe wakaenda kwa mpishi. Mimi nikapewa kenge, kwa sababu nyumba niliyopanga mtaa wa Section 58 ina bafu lililotengana na choo, mlango wake unafunga vizuri, na sina watoto wadogo. Nikamwambia kwangu kuna mgonjwa. Akasema kenge naye ni mgonjwa, wataelewana.

Alisema kwa mzaha, lakini ugonjwa wenyewe haukuwa mzaha. Kenge yule alikuwa mzee, mrefu kuliko mkono wangu ukiunyoosha, ngozi ya kijivu yenye madoa yaliyofifia. Tangu mafuriko yaanze hakuwa amekula sawasawa, na alikuwa akiburuta miguu ya nyuma. Walimshusha kutoka kwenye pikapu akiwa ndani ya gunia, wakamfungulia bafuni, wakaning'iniza balbu ya kumpa joto, wakaenda zao. Nikafunga mlango, nikauegemea kwa mgongo. Nilisikia kucha zake zikikwaruza sakafu.

Mgonjwa wa nyumbani alikuwa Baba. Alikuwa ameteremka pamoja na Mama kutoka shambani, juu kule Molo, ili awe karibu na hospitali. Maisha yake yote aliendesha malori kutoka Mombasa hadi mpakani, akilala Salgaa kwenye kituo cha malori, na mgongo ulipoanza kumsumbua alikuwa akimeza dawa za maumivu kama njugu. Dereva hasimami ovyo kwenda haja, alizoea kusema kwa fahari. Sasa miguu ilikuwa imevimba hadi viatu vikamkataa. Daktari alitueleza bila kuzunguka: figo zimechoka, aanze kusafishwa damu kwa mashine upesi, la sivyo hatufiki naye mbali.

Baba alikataa. Dereva mwenzake alianza mashine, akafa. Jirani yetu wa shambani alianza mashine, akafa. Kwa hesabu ya Baba, mashine ndiyo iliyowaua.

"Hiyo kitu ukiingia hutoki, mami," aliniambia. Huniita hivyo kwa sababu nilipewa jina la mama yake, na akiniita hivyo huwa sina nguvu ya kubishana naye.

Mama alibishana kwa niaba yangu. Alisema kenge hasikii mpaka damu imtoke masikioni, msemo aliomtupia Baba tangu nikiwa mdogo. Alipoambiwa kwamba kenge halisi yuko bafuni, alichukua Biblia yake, akahamia chumba cha mbali. Tangu siku hiyo tulioga kwenye beseni jikoni, zamu kwa zamu, mlango wa bafu ukiwa umefungwa na kiti kimeegemezwa hapo. Mama aliamini kenge hunyonya ng'ombe maziwa na kwamba mkia wake ukimchapa mwanamke, hazai tena. Nilimwambia yeye ameshazaa. Akasema mimi sijazaa.

Mwenye bustani akatutumia daktari wa wanyama, mama mmoja mwenye sauti ya upole na mikono isiyoogopa. Alimshika kenge kichwani na kiunoni, akamgeuza kama mtu anayegeuza mto, akambonyeza nyonga. Baba alisimama kwenye korido akisikiliza, amejishikilia ukutani. Mimi nilisimama nyuma ya Baba.

Daktari alieleza kwamba figo za kenge hazikai mgongoni kama zetu. Ziko nyuma kabisa, zimejificha ndani ya mifupa ya nyonga. Kenge hana kibofu, na hakojoi maji. Uchafu wa damu yake humtoka kama uji mweupe unaokauka ukawa chokaa, kwa tundu lile lile la choo kikubwa, maana mnyama wa nchi kavu hawezi kumwaga maji ovyo. Akikosa maji, au akilishwa vibaya, ile chokaa haipati njia. Inabaki mwilini. Figo zinavimba, na kwa kuwa zimebanwa na mifupa, zikivimba zinaziba hata njia ya choo. Nyingine inakwenda kukaa kwenye viungo. Alituonyesha vidole vya mbele, vimetuna kama tangawizi. Hilo ni jongo, alisema, lile lile linalowashika watu wanaopenda nyama.

Akauliza alikuwa akila nini. Nilijua, kwa kuwa nilikuwa nikiwasikia wageni wakishangilia. Kila wikendi alipewa maini, vipande vikubwa, ili watoto wa shule waone anavyomeza. Daktari akatikisa kichwa. Kenge wa porini hula konokono, wadudu na mayai, akasema, na hakuna mtu anayemkatia maini kila Jumamosi. Tangu leo maini basi. Apewe joto, alowekwe kwenye maji ya uvuguvugu asubuhi na jioni, naye angekuja kumdunga maji chini ya ngozi. Akianza kutoa ile chokaa, nyeupe na laini, kuna matumaini. Ikiwa ya manjano na ngumu, tumwite.

"Na asipotoa?" Baba akauliza.

"Hapo mzee, damu yake itajaa sumu."

Baba alirudi kitini akakaa, akabonyeza mguu wake kwa kidole gumba, akatazama shimo lililobaki kwenye ngozi. Lilichukua muda kujaa.

Jioni hiyo, wakati wa maombi ya nyumbani, ndipo alipotufunga kamba. Kwetu milimani waumini wana desturi ya kumwomba Mungu ishara. Mtu hajui kama auze shamba au asiuze, basi anasema: mvua ikinyesha kabla ya Jumapili, nitauza. Wazee wa kanisa wanaiita kuanika ngozi, kwa ajili ya yule mtu wa kale katika Biblia aliyeacha ngozi ya kondoo nje ili aone kama umande utailowesha. Ukishatamka mbele ya mashahidi, hurudi nyuma. Nimeona watu wakivunja uchumba kwa sababu jogoo hakuwika.

Baba alifumba macho, akasema, "Mungu, wewe ndiye unajua. Kama unataka niende kwa hiyo mashine, huyu mnyama akojoe nione. Asipokojoa, nirudishwe shamba nikae na ng'ombe zangu."

Mama akasema amina. Alisema kwa mazoea, kama anavyosema kila mara, kisha nikamwona anafungua macho na kuweka mkono mdomoni. Ilikuwa imeshatoka. Nami nilielewa kilichotokea: uhai wa baba yangu ulikuwa umewekwa ndani ya bafu, mikononi mwa mnyama ambaye sikuthubutu kumwangalia, na wa kumtunza nilikuwa mimi.

Asubuhi nikachemsha maji kwenye sufuria, nikayapoza hadi yakawa kama ya kuogeshea mtoto, nikamimina kwenye karai. Nikavaa koti la mvua, glavu za jikoni na viatu vya mpira. Nikaomba. Nikafungua mlango. Kenge alikuwa chini ya balbu, akatoa ulimi wake mrefu uliogawanyika, akauonja upepo wangu. Nilimtupia taulo kichwani kama nilivyofundishwa, nikamnyanyua. Mkia wake ukanichapa pajani. Nililia kwa sauti, wala sifichi, lakini sikumwachilia, na nilipomweka kwenye maji alitulia kabisa. Alikuwa mzito na baridi, na tumbo lake lilikuwa likipumua kwenye kiganja changu. Nilichotegemea kukiona ni hasira. Nilichokiona ni mgonjwa aliyechoka.

Hakutoa kitu. Jioni hakutoa kitu. Ndivyo tulivyoendelea. Kila nikitoka bafuni Baba alinitazama usoni, nami nikatikisa kichwa, naye akaitikia kama mtu anayeambiwa gari bado halijafika. Hofu yangu ya kenge ilipungua kwa sababu ile nyingine iliila. Baba alikuwa ameanza kujikuna mikono hadi ngozi ikachubuka. Kwikwi zilimshika akiwa anakula, hazikumwachilia. Pumzi yake ilikuwa na harufu niliyoijua, harufu ya choo cha stendi, na Mama alikuwa akijifanya haisikii.

Siku moja nilimkuta Mama akitoka bafuni na ndoo na brashi. Nilishangaa kwamba anaingia. Alisema hawezi kukaa kwenye nyumba yenye bafu chafu, kenge au si kenge. Alikuwa akiingia kila siku nikiwa nimetoka kwenda dukani, anamsukuma kenge pembeni kwa mpini wa fagio, anasugua sakafu kwa dawa, anatoka. Nyumba ya kupanga haina faida, akaongeza, rangi ya ukuta inabanduka, kila siku anafagia chokaa.

Nikamuuliza chokaa gani.

Chokaa, akasema, nyeupe, kama vipande vya sabuni, hapo karibu na shimo la maji. Kisha yeye mwenyewe akasikia alichokuwa anasema. Akaiweka ndoo chini polepole.

Tulikwenda kwa Baba sote wawili, tukiongea kwa pamoja. Kenge amekojoa, amekuwa akikojoa, Mama amekuwa akimwaga jibu la Mungu kwenye mtaro kila siku. Mama alikuwa akilia na kucheka. Baba alingoja tumalize.

"Mimi sijaona," akasema.

Mama alimsihi. Alimkumbusha kwamba yeye ndiye shahidi wa ile nadhiri, na shahidi anasema imetimia. Baba alisema alitamka mbele za Mungu aone kwa macho yake, na mtu haonewi ishara na mke wake. Nilikasirika hadi machozi. Nilimwambia hiyo si imani, ni woga uliovaa koti la Jumapili. Sijawahi kusema naye hivyo. Hakunijibu vibaya. Alisema tu kwamba hata mimi ni mwoga, kwa hivyo najua ulivyo.

Tangu hapo bafu halikusuguliwa, lakini ile chokaa haikuonekana tena. Baba alihamisha kiti chake hadi mlangoni, mlango ukaachwa wazi kidogo, na hapo ndipo alipokunywa chai, ndipo aliposinzia. Walitazamana, yeye na kenge. Nilikuwa nikipita na maji ya uvuguvugu kati yao kama mtumishi wa wafalme wawili. Nilikuwa tayari hata kudanganya: nilisaga chaki nikaikoroga na maji, nikaiweka kwenye kikombe, nikangoja Baba aondoke mlangoni nikaimwage sakafuni. Hakuondoka. Chaki ikakauka kikombeni, na mpaka leo sijutii kuisaga.

Kisha stima ikapotea. Ilikuwa msimu ule wa baridi, Nakuru yote imefunikwa na wingu zito, na transfoma ya mtaa wetu ilikuwa imeungua. Daktari wa wanyama alikuwa amenionya kwamba kenge hana joto lake mwenyewe. Akipoa, na figo zake zinalala. Tulijaza chupa maji ya moto, tukazifunga kwa kanga na kumzungushia. Mama mwenyewe, yule aliyeogopa mkia wake, alipiga magoti kwenye sakafu ya bafu akazibadilisha kila zilipopoa. Kenge aliacha kutoa ulimi. Nilipombana ngozi ya ubavuni ilibaki imesimama, haikurudi. Macho yakawa yamezama.

Stima iliporudi, alitoa kitu kimoja. Baba alikiona kikitoka, akaniita. Kilikuwa kidogo kama punje ya mahindi, cha manjano, kigumu. Nikakiokota kwa karatasi nikamwonyesha, nikamwambia ndio huo, Baba, umeona kwa macho yako. Alikishika, akakibonyeza kwa ukucha. Hakikubonyea.

"Daktari alisema mweupe na laini," akasema. "Hii ni kama yangu. Inatoka, lakini haibebi uchafu."

Nilimpigia daktari. Alisema atakuja asubuhi.

Asubuhi kenge alikuwa amekufa. Nilimkuta amelala kando ya karai, miguu ya nyuma imenyooka, na Baba yuko kwenye kiti chake mlangoni, macho makavu, kama aliyekuwa hapo muda mrefu. Alisema kenge alianza kutetemeka, halafu akatulia, halafu akatetemeka tena. Alisema hakuniita kwa sababu hakukuwa na la kufanya. Sauti yake haikuwa na nguvu.

Mama hakulia. Alitoa begi chini ya kitanda, akaanza kukunja nguo za Baba. Kwake jibu lilikuwa limekuja, na jibu lilikuwa hapana. Mtu hapigani na Mungu. Nilisimama mlangoni nikimtazama akipanga shati juu ya shati, na nikashikwa na hofu ambayo kenge hakuwahi kunipa. Niliwaona wakipanda kwenda Molo. Niliona kitanda kule shambani, na wanaume wa kanisa wakija na viti vya matanga.

Daktari wa wanyama alifika wakati huo. Mwenye bustani alitaka kujua chanzo cha kifo, na kwa kuwa kule bustanini bado kulikuwa na maji, daktari aliomba ampasue hapo nyuma ya nyumba, karibu na kamba za nguo. Akatandika gunia. Nilidhani Baba angebaki ndani. Alitoka akiburuta kandambili, akajishika kwenye nguzo, akasema anataka kuona.

Daktari alipasua taratibu. Alituonyesha figo ndani ya nyonga, zimevimba, zimejaa mistari myeupe. Kisha akapanda juu, akafungua kifua. Moyo wa kenge ulikuwa mweupe. Ulikuwa umefunikwa na kitu kama unga, unga mkavu uliogandamana, kama vile mtu ameuviringisha kwenye unga wa ngano kabla ya kuukaanga. Daktari aliukwaruza kwa ncha ya kisu, na ule unga ukatoa sauti.

"Hiyo ndiyo mkojo?" Baba akauliza.

"Ndiyo, mzee. Ilikosa njia ya kutokea, ikaenda moyoni."

"Alikuwa anaisikia?"

Daktari alimtazama, nadhani kwa mara ya kwanza akaiona miguu yake. "Nafikiri alisikia," akasema.

Baba aliweka kiganja kifuani mwake, juu ya shati. Alikaa hivyo. Mara nikagundua kwamba baba yangu, aliyeshuka miteremko ya Salgaa kwa lori lisilo na breki na kusimulia huku akicheka, alikuwa anaogopa sana, na kwamba alikuwa ameogopa tangu mwanzo, kila siku, kwenye kile kiti.

Akaingia ndani. Nikamfuata. Alikaa kitandani kando ya begi, akajaribu kuvaa viatu, mguu haukuingia, akajaribu tena. Mama alisema asijisumbue, atasafiri na kandambili, gari litafika hadi mlangoni mwa shamba.

"Siendi shamba," Baba akasema. "Mami, nipeleke hospitali."

Mama aliacha kukunja nguo. Alisema kwa sauti ndogo kwamba Baba alitamka mbele za Mungu. Kwamba mnyama amekufa bila kutoa ile nyeupe mbele ya macho yake. Kwamba yeye mwenyewe aliitikia amina.

"Nilisema nikiwa sijaona," Baba akasema.

Mama alisimama na shati mkononi. Kisha akalikunjua, akamvika, akamfunga vifungo kimoja kimoja, hadi kile cha shingoni kikamshinda. Nikakifunga mimi.

Hospitalini walimwekea mpira shingoni, wakamlaza karibu na mashine. Nilikuwa nimeomba nibaki naye, wakaniruhusu. Damu yake ilipoanza kutoka kupitia mrija mmoja kwenda mashineni, nyeusi kuliko nilivyotarajia, alinishika mkono kwa nguvu, akaniuliza kama inarudi. Nikatazama mrija wa pili, wa kuirudisha mwilini. Kwa muda haukuwa na kitu. Nikaendelea kuutazama, na yeye akawa ananitazama mimi usoni, akingoja.